Labda Nianze: Mhadhara wa Kijiweni juu ya Neno la Waingereza

Labda nianze.

Ndugu mwenyekiti wa kijiwe, wazee wa drafti, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu (na wewe ambaye yako bado inanguruma, zima), mama wa chapati, majirani mliokuwa mnapita njia mkanaswa: itifaki imezingatiwa. Mzee wa kahawa nimekuacha wa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa birika lako ndilo lililotukusanya hapa Tandika jioni hii. Lile suala letu la vikombe 17 nimeshalitolea kauli. Labda Ijumaa. Naomba lisirudiwe mbele ya wageni.

Mada ya leo ni neno la Kiingereza maybe, pamoja na ndugu zake perhaps na probably. Wapo watakaosema sikuombwa kulizungumzia. Ni kweli hakuna aliyefungua mdomo akaniomba, lakini mwenye jicho la kitaalamu huliona ombi hata kwenye uso wa mtu anayejaribu kutazama pembeni, na hapa naona maombi mengi.

Sifa zangu kwanza, maana siku hizi kila mwenye bando anajiita mtaalamu. Mimi ndiye mtu pekee katika wilaya za Temeke na Kinondoni aliyelichunguza neno hili bila kulisoma mahali popote. Nina kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mtumba mjini, wale wanaovitandaza chini kando ya njia. Kamusi nzito, jalada gumu, ila inaishia kwenye neno lazy, yaani mvivu. Kuanzia hapo mpaka Z, mwenye nayo wa kwanza alimpa muuza karanga. Mwingine angerudi kudai pesa yake. Mimi nilikaa nikatafakari, nikagundua jambo ambalo wasomi wenye kamusi nzima hawajaligundua hadi leo: mashaka ya Kiingereza yamerundikana kati ya M na P. Maybe, perhaps, possibly, probably, yote yamekwenda kufungia karanga. Na uhakika wa Mwingereza uko mwanzoni mwa kitabu: absolutely, certainly, definitely, exactly, indeed. Kamusi yangu ina kila aina ya bila shaka, haina labda hata moja. Mkijiuliza kwa nini miaka yote hii sijawahi kusita katika jambo lolote, sababu ndiyo hiyo.

Naam? Kuna kijana anasema likely iko kwenye L. Kijana, lazy inatangulia likely. Kaa chini.

Maneno haya na mimi tulikutana mapema. Nilikuwa darasa la sita, mwalimu akaandika ubaoni perhaps, akatuambia kila mmoja atunge sentensi. Nami nikatunga, kwa mwandiko wa kunyooka: Perhaps is my brother. He lives in Mbagala. Mwalimu alinipa sifuri, kisha akaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza. Darasa lilicheka wiki nzima. Leo, baada ya utafiti wa miaka mingi, nasimama hadharani kuitetea sentensi ile. Perhaps ni kaka yangu kweli. Ni kaka yako pia. Kila ukoo wa Dar es Salaam una Perhaps wake, yule ambaye kikao cha familia kikiitwa saa 4 anapigiwa simu saa 6 na anajibu, "Nipo Mtongani hapa, foleni tu." Ukisikiliza vizuri nyuma ya sauti yake unasikia kopo likigonga ndoo. Bado anaoga.

Na anakaa Mbagala. Sikukosea hata mtaa.

Tuingie kwenye chimbuko. Nina jirani, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyeniazima elimu hii kwa masharti kwamba nisimtaje. Anasema maybe ni vipande viwili vilivyogandana, "huweza" na "kuwa". Perhaps ni mtoto wa ndoa ya mseto: kipande cha mbele ni Kilatini, lugha ya mapadri, na cha nyuma ni neno la kale la watu wa kaskazini, happ, yaani bahati. Hao wa kaskazini walifika Uingereza kwa merikebu kuiba na kuchoma, wakaondoka na dhahabu wakaacha neno la bahati. Hasara kubwa, lakini walau waliacha kitu.

Tapeli wa ukoo ni probably. Mzizi wake ni Kilatini, probare, maana yake kupima na kuthibitisha. Ni ndugu wa damu wa proof, ushahidi ule wa mahakamani. Zamani kitu kilichoitwa probable kilikuwa kitu kinachostahili kukubaliwa na watu wenye akili. Leo Mwingereza akikwambia probably anakuonyesha fremu ya ushahidi ambayo ndani hamna picha, nawe unapokea fremu, unashukuru.

Nasikia mnawacheka. Acheni. Sisi tumefanya kubwa kuliko hilo, na hapa naomba wazee wa drafti waache kete dakika moja.

Neno letu labda limetoka katika Kiarabu. Kwa Waarabu ni la budda. La ni hapana, hakuna. Budda ni njia ya kukwepa, mlango wa nyuma. La budda: hakuna pa kukwepea, hapana budi, lazima. Narudia kwa faida ya waliochelewa: neno tunalolitumia Tandika kukwepa lilizaliwa likiwa na maana kwamba hakuna kukwepa! Mchukue mgeni aliyesoma Kiarabu tu, asiyejua Kiswahili, mpeleke kwa fundi cherehani. Amuulize, "Nguo itakuwa tayari kabla ya Idi?" Fundi aseme, "Labda." Mgeni atarudi hotelini ameridhika, amesikia kiapo.

Na ushahidi tunao nyumbani kwetu. Budi hatukuitupa. Tunayo katika sina budi, hatuna budi, maneno ya barua rasmi na ya mabaraza ya usuluhishi. Kwa hiyo labda na sina budi ni watoto wa baba mmoja, waliingia pwani hii kwa njia moja. Mmoja akavaa suti akaenda kuishi kwenye barua. Mwingine akavua viatu, akakaa kijiweni, akaanza kujibu simu kwa niaba ya wadeni.

Ilikuwaje neno la lazima likageuka la wasiwasi? Vitabu vina maelezo yake. Mimi nina mama mwenye nyumba wangu. Muulizeni mumewe yuko wapi. Akiwa anamwona, atasema, "Yuko ndani." Basi, maneno mawili. Asipojua yuko wapi, atasema, "Lazima atakuwa msikitini." Mmeisikia hiyo lazima? Imeingia pale pale uhakika ulipotoka. Anayemwona mumewe kwa macho haihitaji. Anayeihitaji ni yule ambaye hajui, ila anaona aibu kukaa kimya. Hata hiyo "atakuwa" ni wakati ujao uliokodishwa kufanya kibarua cha kubahatisha leo: itakuwa kalala, itakuwa simu imezima. Nadharia yangu ni kwamba la budda nayo ilikwenda hivyo hivyo. Watu waliisema kwa nguvu kila walipokuwa hawajui, mpaka nguvu ikaisha ikabaki kutojua. Angalieni lazima inakoelekea. Wajukuu wetu wataitumia kukataa mialiko.

Yamkini nayo ni ya Kiarabu, na kule kweli ina maana ya kuwezekana. Yaani neno sahihi tulikuwa nalo tangu mwanzo, tukaliweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, likawa la mawaidha na la watu wa redioni. Huenda ni yetu wenyewe, ni kuenda tu, jambo limeachwa litembee lenyewe liangukie linapoangukia. Pengine ni mahali pengine au wakati mwingine. Mtu akikujibu pengine, mwili uko mbele yako na yeye ameshafika huko pengine.

Sasa utafiti wa uwandani. Nimefanya kazi hii kwa miguu, toka Buza mpaka Yombo Vituka, toka Magomeni mpaka Bunju, pale nauli iliporuhusu. Matokeo yake yatawashangaza wenye shahada. Waingereza, kwa maelezo ya yule jirani yangu, wanatumia maybe kuzungumzia jambo: mvua itanyesha au haitanyesha, timu itashinda au haitashinda. Labda ya uswahilini haizungumzii jambo hata kidogo. Inazungumzia wewe uliyeuliza. Inapima uso wako, deni lililopo kati yetu, mama yako alimfanyia nini mama yangu kwenye msiba ule. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeikuta labda ya kweli, ya mtu ambaye kwa dhati hajui, mara mbili tu. Mara moja ilikuwa ya mganga.

Chukua fundi cherehani. Ijumaa unamkuta amekaa nyuma ya mashine, futi ya kupimia shingoni. "Imebaki vifungo tu." Kitambaa chako kipo rafuni, kimekunjwa vile vile ulivyokileta, na bado kina harufu ya dukani. Je, amedanganya? Mtu wa juu juu atasema ndiyo. Mimi nasema fundi amekuheshimu. Angeweza kukwambia, "Sijaigusa nguo yako kwa sababu harusi ya fulani imelipa zaidi." Badala yake amekushonea sentensi. Imekukaa vizuri, umeondoka nayo.

Konda ni aina nyingine kabisa. Konda hana labda. Muulize, "Hili linafika Rangi Tatu?" Atajibu, "Linafika, twende, siti zipo!" Mashaka ameyaacha kwa dereva. Mkifika Mtongani dereva anageuza, mnashushwa, na juu ya kioo cha mbele bado pameandikwa Mbagala Rangi Tatu kwa rangi nzuri. Sheria inaita kukatisha ruti. Kitaalamu naiita labda iliyoandikwa kwa brashi.

Kinondoni inahitaji mhadhara wake peke yake, kwa kuwa wilaya ile ina dunia mbili zinazogombania jina moja. Mwananyamala wanasema, "Tutaangalia." Tandale, "Nitakucheki." Hiyo nitakucheki ni hatari, maana anayeisema ndiye anayechukua jukumu la kukutafuta, kwa hiyo wewe huna tena haki ya kumpigia. Kawe nimesikia, "Mungu akijalia." Huku kwetu Temeke tunasema inshallah, na shehe wa jirani ameshalalamika zaidi ya mara moja kwamba neno zito namna ile limetwishwa uvivu wa watu wasiotaka kuhudhuria vikao. Sasa panda mpaka Masaki. Kule mtu akialikwa harusi ya Buza hasemi labda hata siku moja. Anasema, I'll try my best. Hiyo ni hapana iliyovaa tai.

Mtaniuliza, kwa nini tusiseme hapana yenyewe? Hapo ndipo wageni wengi hupotea, wakatuandika vibaya kwenye vitabu vyao. Hapana ni neno la watu wenye geti. Ukishasema hapana unafunga geti, unawasha taa za uzio, mbwa anabweka, mambo yamekwisha. Mimi na jirani yangu tunatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za inchi 5. Namsikia akikohoa. Maji tunachota bomba moja, choo tunagawana zamu ya kufagia. Nikifa usiku ndiye atakayegonga milango. Huyo akiniomba elfu kumi nimwambie hapana, kisha asubuhi tukutane bombani tukiwa na ndoo? Namwambia labda mwisho wa mwezi. Naye anaelewa, anasema asante, mlango haujafungwa, yeye hajaaibika wala mimi sijaitwa bahili. Shida hutokea akija mgeni wa mikoani ambaye hajazoea jiji. Huyo hurudi kweli mwisho wa mwezi, amevaa shati la kupokelea pesa.

Kuna matumizi mengine niliyasahau, na ni ya viongozi. Msikilizeni kiongozi yeyote anaposhika kipaza sauti. "Labda nianze kwa kuwashukuru." "Labda tu niseme." "Labda niweke wazi jambo moja." Ndugu zangu, mtu amesimama, kipaza sauti anacho, mdomo uko wazi, watu 300 wamekaa juani wanamsubiri, halafu anatuambia labda ataanza! Hakuna mwanadamu duniani mwenye uhakika wa kuzungumza kama mtu aliyetanguliza labda niseme. Niliyemsikia mwisho alizungumza saa mbili na robo.

Nani anacheka? Ah, mimi nilianza hivyo? Nilianza hivyo kwa makusudi, kama mfano.

Sasa twende Marekani, nauli juu yangu. Machi 1951 wachambuzi wa ujasusi wa huko waliandika ripoti wakauliza kama Warusi na washirika wao wangeivamia Yugoslavia mwaka ule. Wakamaliza kwa kusema uvamizi huo uchukuliwe kuwa serious possibility. Tuseme uwezekano wa kutiliwa maanani. Mmoja wa wakubwa wa ofisi ile aliitwa Sherman Kent. Siku chache baadaye ofisa wa wizara ya mambo ya nje akamuuliza, katika mazungumzo tu, hayo maneno mlikuwa na maana ya kiasi gani? Kent akajibu, kwa 100, 65 kwamba watavamia. Yule ofisa akashtuka, yeye na wenzake walisoma wakaona kitu kidogo zaidi. Kent akarudi kwa wenzake waliokaa meza moja wakaipitisha sentensi ile ile, akamuuliza mmoja mmoja. Mwingine akasema 80. Mwingine akasema 20! Wote walitia saini. Walikubaliana maneno, hawakukubaliana chochote kingine.

Mnaona? Hiyo ni kamati ya msikiti. Ni kikao cha wapangaji. Sema wao walikuwa na mabomu.

Kent hakulala. Mwaka 1964 alichapisha makala akapendekeza kila neno la mashaka lipewe tarakimu yake. Karibu hakika iwe 93 kwa 100, pungufu au zaidi kwa 6. Probable iwe 75. Nusu kwa nusu ni 50. Probably not, yaani huenda isiwe, 30. Na karibu hakika haiwi, 7, na hapo unaongeza au kupunguza 5. Wenzake wengine, wapenda fasihi, walimpinga wakisema lugha haiuzwi kwa kilo. Siku hizi hata wanasayansi wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wanafanya hivyo: wakiandika likely wana maana ya 66 kwa 100 kwenda juu, na very likely ni kuanzia 90.

Wanadhani wamevumbua. Ndugu zangu, ni nani hapa hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Mweka hazina wa kamati ya harusi wa Temeke anamwacha Kent mbali. Ana daftari la mistari, safu mbili, ahadi na taslimu. Shangazi ameahidi laki moja, mweka hazina anaandika laki moja kwa wino, na pembeni, kwa penseli, anaandika elfu 60. Mjomba mwenye lori ameahidi laki tano mbele ya kipaza sauti, makofi yamepigwa, mweka hazina kwa penseli anaandika elfu 50. Kijana muuza mitumba amesema kwa sauti ya chini, "Nitajitahidi, labda elfu 20," na penseli imeandika elfu 20 kamili. Hakuna fomula iliyofundishwa popote. Anamjua mtu, anajua kapigiwa makofi kiasi gani. Makofi yakiwa mengi penseli inashuka. Ukumbi unalipiwa kwa penseli, na vyakula hivyo hivyo. Sijawahi kusikia harusi ya penseli iliyopungukiwa pilau. Za wino nimezila, tuligawana soda.

Watu wa hali ya hewa nao wana kazi hii hii, na mimi nawaonea huruma, kwa sababu wao hawawezi kulitazama wingu usoni wakajua mama yake ni nani. Tangazo lao linakuja na mistari miwili: uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari, wastani. Aprili 2021 walituonya kuhusu Kimbunga Jobo, kilikuwa kinakuja pwani hii hii yetu. Watu wakapandisha mawe juu ya mabati, wakanunua mishumaa. Jobo kikaishiwa nguvu kabla ya kutufikia. Na mtaani pakawa na malalamiko! Watu walinuna kwa sababu hawakupigwa na kimbunga. Wengine walikuwa na hasira ya mishumaa.

Ila Desemba 2011 hakuna aliyenuna kwa ajili ya mishumaa. Mvua ile, ambayo jiji lilikuwa halijaona mfano wake tangu 1954, iliujaza Mto Msimbazi, Jangwani pakawa ziwa, watu takriban 40 wakafa. Wengi waliookolewa walipelekwa Mabwepande, kule Kinondoni ya mbali, wakaanza upya kwenye mahema. Kabla ya hapo, mtu wa bondeni ukimuuliza kama maji yanaweza kumfikia ndani alikuwa anasema labda, kwa sauti ile ile ya kukataa mwaliko. Naye alikuwa anampa adabu nani, mto? Mto haujui adabu. Hauna jirani.

Tuendelee. Sikutaka kufika huko.

Maswali? Kijana wa helmeti. Swali lako ni kwamba kama yule Mmarekani alipima maneno yake, je, labda ya Tandika ni asilimia ngapi? Swali zuri, na limekuja kwa mtu sahihi. Nimelifanyia kazi miaka 11. Wataalamu wengine wangekujibu inategemea. Mimi, kama mjuavyo, sijawahi kusita. Uzito wa labda ni umbali wa nyumbani kwa msemaji, mara foleni ya Barabara ya Kilwa, gawanya kwa salio la simu yake. Nimekokotoa kwa wakazi wa mitaa yote niliyotembea, nikaondoa wachungaji na waganga, na jibu linatoka lile lile: 30 kwa 100. Andikeni. Labda ya Tandika ni asilimia 30, si zaidi. Mtu akikwambia labda, hesabu thelathini, usijenge juu yake hata banda la kuku. Hilo nimelisema mbele ya mashahidi na silirudishi.

Na kwa kuwa koo limekauka, Mzee wa kahawa, nimiminie kimoja cha kuhitimishia, ukiongeze pale pale kwenye hesabu yetu. Ndiyo, Ijumaa. Si nimeshasema labda Ijum…

Mzee. Mbona umeishia hapo? Birika halijaisha, nalisikia linacheza. Kikombe hiki kina nafasi, endelea kumimina.

Jamani, mnacheka nini? Wewe wa helmeti, keti.

Thelathini. Aha. Sawa, Mzee, nimekuelewa, ni hesabu halali, mimi mwenyewe nimeitoa na mashahidi wapo. Sikatai. Ila naomba mwenye macho mazuri asogee na tochi ya simu yake anitazamie hapa ndani. Hii ni thelathini kweli? Mimi naona kama saba, tena ukihesabu na mashapo.